Upenyo wa Nyembe Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo tena. Vumbi limeingia hadi kwenye kabati la lenzi. Nimefuta mabenchi ya maabara kabla ya kipindi cha kwanza, na saa nne yalikuwa yameshakuwa mekundu. Mfagizi ananiambia nisihangaike, Agosti ya Dodoma ndiyo hii. Ananifundisha mimi Agosti ya Dodoma. Nimezaliwa Mpwapwa, sikushuka na ndege.

Kidato cha sita wameanza difraksheni, kutawanyika kwa mwanga unapopita penye mwanya. Nimezima taa zote ikabaki moja. Nikawaambia waweke vidole viwili mbele ya jicho, karibu kabisa, waitazame taa kupitia mwanya wake, kisha waubane polepole. Kabla vidole havijagusana, mistari myeusi inajichora ndani ya mwanya, myembamba kama nyuzi za kushonea. Msichana mmoja alipiga ukelele kama kakanyaga mjusi. Wavulana wakacheka. Nikawanyamazisha wote.

Penina hakupiga kelele. Alikaa na vidole jichoni hadi nikamwambia inatosha. Kisha akauliza kwa nini inatokea mistari na siyo giza tupu. Swali zuri. Nimemjibu kwa mkato asije akavimba kichwa.

Halafu nikaingia kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka wanakwama palepale. Wanadhani ukiubana upenyo, mwanga unaotoka nao utakonda. Wapi. Ukiubana unatanuka. Kadiri upenyo unavyokuwa mwembamba ndivyo mwanga unavyosambaa ukutani, na unafifia. Katikati unakaa mkanda mpana unaong'aa, pembeni yake vimikanda vidogo, na kati yake giza. Nimelirudia mara tatu. Nyuso zilikuwa kama za ng'ombe mnadani.

Jumanne, 5 Agosti

Mkuu wa shule ameniita ofisini kwake. Kuna mfadhili kutoka nje anataka mtoto mmoja wa kidato cha sita anayeweza fizikia. Atamsomesha chuo kikuu nje ya nchi hadi amalize. Mmoja tu. Jina lipelekwe kabla ya jioni ya Ijumaa ya wiki ijayo. Mkuu akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unayewajua. Uamuzi wako ndio wa mwisho."

Wanaofaa ni wawili. Penina, na Joeli, mpwa wa Mwalimu Nehemia, mwalimu wetu wa taaluma.

Joeli ana akili, hilo silikatai. Lakini ni mtoto wa kudeka. Anaishi kwa mjomba wake, anakula nyama, anapewa kila kitabu anachotaka. Asipopata huyu nafasi leo, mjomba atamtafutia nyingine kesho. Penina mama yake anauza mtama na uwele pale Majengo. Baba yuko Bahi na ng'ombe wa watu. Akimaliza hapa bila mfadhili, atakaa nyuma ya magunia ya mama yake akingoja mkopo ambao huenda usije. Na atakaa huko huko.

Nampenda yule mtoto. Sijawahi kumwambia na sitamwambia. Ukiwasifu wanaoza.

Nataka awe yeye. Lakini sitampa kwa kumhurumia. Ataishinda nafasi mbele ya macho ya watu, ili Nehemia asipate la kusema.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesahihisha ripoti za maabara za wiki iliyopita. Wamepika. Wote. Yaani mtoto anajua jibu linalotakiwa, anakaa na kikokotoo, anarudi nyuma kwenye fomula hadi kwenye vipimo, anaandika vipimo ambavyo hajawahi kupima. Wenyewe wanaita kupika data. Wanaona ni ufundi. Walimu wengine wanawafundisha, maana mtihani unataka jibu na jibu linapatikana.

Mimi nakinai. Afadhali anayekosa.

Hapa shuleni nasemwa kwamba ni katili. Najua jina wanaloniita wakiwa bwenini: Madam Wembe. Sawa. Sijawahi kumchapa mtoto fimbo hata moja. Fimbo ni za wavivu. Mimi nina mdomo, na mdomo wangu wanaukumbuka hadi wanazeeka.

Nimepata wazo nikiwa naosha vikombe. Mtego. Nitawaandalia jaribio la upenyo. Kila mmoja atapima upana wa mkanda wa katikati ukutani, kisha atafute upana wa upenyo. Juu ya upenyo nitaandika upana wa uongo. Mpishi atapika kutokana na nilichoandika. Mwenye macho atapima ukuta. Siku hiyo hiyo nitajua nani ni nani.

Nimecheka peke yangu jikoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetengeneza penyo mbili zinazofanana, kwa tochi zetu mbili za leza. Kazi ya kinyozi hasa. Nyembe mbili juu ya kipande cha kioo, makali yakitazamana, selotepu huku na huku. Upenyo wenyewe huwezi kuupima kwa rula, kwa hiyo nimeupima kwa mwanga. Nikawasha leza, nikawa nasogeza wembe mmoja kidogo kidogo nikiangalia ukutani hadi mkanda ukafika sentimita tano nukta mbili. Kisha nikabandika karatasi ndogo yenye upana mara mbili ya ule wa kweli. Anayeiamini karatasi atapata mbili nukta sita. Nusu kamili. Hakuna wa kuniambia eti rula iliteleza.

Saa nne ofisini, kwenye chai, nikashindwa kujizuia. Nikawasimulia. Nehemia alicheka hadi andazi likampalia. "Mwalimu, wewe hufai hata kidogo! Utawamaliza watoto wa watu." Nikazidi kunogewa, nikawaeleza hadi namba. Tano nukta mbili kwa mbili nukta sita. Wote wakacheka.

Hadija peke yake hakucheka. Huyu ni mwalimu wa kemia, Mrangi wa Kondoa, mwenzangu wa miaka mingi hapa. Akasema, "Dada, watoto hawa umewafundisha wewe wakuamini. Leo unataka kuwafunga kwa sababu wamekuamini?" Nikamwambia aache ulokole wa bure. Akasema yeye ni Mwislamu. Watu wakacheka tena, safari hii wakanicheka mimi. Nimekasirika kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima umekwenda viwanjani kutazama mbuzi na matrekta. Sikwenda. Area D kimya, maji yalitoka mchana, nikafua. Nimewaza namna Mkuu atakavyolisoma jina la Penina mbele ya shule.

Jumatatu, 11 Agosti

Jaribio limefanyika.

Sina leza za kutosha, kwa hiyo wameingia kwa makundi. Meza moja kwenye kona ya ndani, penye giza. Meza nyingine upande wa dirisha la magharibi, nikaweka kitambaa cheusi dirishani. Nikawaambia: andikeni mnachokiona. Mkanda wa katikati, na vimikanda vya pembeni hadi cha tatu.

Penina aliingia asubuhi, kona ya ndani. Alipima kwa utulivu. Nikamwona ananyanyua macho kwenye kile kikaratasi, anarudi ukutani, anarudi kwenye kikaratasi. Akapima upya. Nikafurahi. Nikajisemea, ameuona mtego.

Joeli aliingia na kundi la mchana, mezani kwa dirisha. Sikumwangalia sana. Nilikuwa nimekaa kona ya ndani na furaha yangu. Upepo ulikuwa unapiga mabati, kitambaa kinapepea. Nikakusanya karatasi, nikafunga.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesahihisha alfajiri. Bado nina hasira.

Darasa zima mbili nukta sita. Wapishi. Hao sikuwategemea.

Joeli: tano nukta mbili. Vimikanda vya pembeni vyote vipo, hadi cha nne, wala sikukiomba cha nne.

Penina: mbili nukta sita.

Niliishika karatasi yake nikailaza upande kwenye taa. Chini ya mbili nukta sita kulikuwa na namba iliyofutwa kwa ufutio. Kalamu ya risasi huacha kovu. Tano nukta mbili. Aliuona ukweli, akaupima ukweli, akauandika, kisha akaufuta akaandika uongo. Hao wengine hawakuona kitu. Huyu aliona. Ndiyo maana yeye ni mbaya kuliko wote.

Kipindi cha tatu nikamsimamisha mbele. Nikawasha leza kona ya ndani, nikamwambia aweke rula kwenye mkanda, asome. Akasoma: tano nukta mbili. Nikamwambia asome karatasi yake. Akasoma: mbili nukta sita. Nikamwambia asome ukuta. Kisha karatasi. Kisha ukuta. Sauti, nikamwambia, nyuma hawasikii. Akasoma hadi sauti ikamkauka. Darasa likaanza kucheka, nikawaacha wacheke.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Madam, niliona tano. Lakini wewe uliandika. Nikajua nimekosea mimi."

Ingekuwa afadhali angenyamaza. Nikamwambia mwanasayansi wa aina yake tunao wengi, wanakaa Majengo wanapima mtama kwa kopo lililobonyea. Nikamwambia mwongo wa macho ni mwizi, na mwizi hapandi ndege. Nilikuwa sijawaambia habari za mfadhili, lakini shule haina siri. Alielewa. Hakulia. Alisimama na rula mkononi hadi nilipomruhusu akakae, na hata hapo alisubiri nimruhusu mara ya pili.

Nimempelekea Mkuu jina la Joeli. Nehemia alikuwepo, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikasema kijana amestahili.

Nimekula wali mkavu. Sijuti.

Jumatano, 13 Agosti

Hadija hanisemeshi. Anapita mezani kwangu kama mimi kabati.

Saa sita mlinzi akaja kuniambia nina mgeni getini. Mama yake Penina. Ametoka Majengo kwa miguu na jua lile, khanga imejaa vumbi, mkononi mfuko wa karanga. Ana umri wa kunizidi, na bado akainama: "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba.

Kiswahili chake ni cha taratibu, anatafuta maneno kutoka kwenye Kigogo. Akasema binti yake alimpigia jana kwa simu ya matroni. Hakusema ameonewa. Alimwambia mama yake kwamba haoni vizuri, anaona vitu ambavyo havipo hivyo. Mama amekuja kuniuliza kama nimeona kitu darasani. "Labda ni macho, mwalimu. Babu yake alipofuka. Nimpeleke akapimwe?"

Nilikuwa na njaa, jua linaunguza, na hasira ya jana ilikuwa haijanitoka. Nikamwambia, "Mama, macho ya mwanao mazima kabisa. Kibovu ni moyo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa dawa na kuambiwa jinsi ya kuinywa. Akanikabidhi karanga. Nikamwambia sipokei. Akaziweka chini pembeni ya mguu wangu, akaaga, akaondoka. Mlinzi amezichukua.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimechezewa. Mimi!

Mchana nilikuwa na kidato cha tano. Nikataka kuwaonjesha mambo ya mwakani. Wale walijaa kona ya ndani, nikahamia meza ya dirisha. Saa nane na nusu, saa ile ile ya kundi la Joeli. Nikawasha leza. Ukutani hakuna kitu. Jua limeingia pembeni ya kitambaa, maana upepo unakipeperusha na kulabu moja imeng'oka, na ukuta wote mweupe kama unga. Nikakodoa macho, nikaweka kiganja kama kofia, nikasogea hadi pua ikagusa rangi ya ukuta. Mkanda wa katikati ulionekana kama doa lililofuliwa. Vimikanda vya pembeni hakuna. Cha pili hakuna. Cha tatu hakuna. Na yule kijana ameniandikia cha nne!

Nikamuuliza mfagizi kulabu imeng'oka lini. Akasema Jumatatu asubuhi, alimwambia mtu wa matengenezo, hajaja. Jumatatu.

Hakuna aliyeona chochote pale mezani Jumatatu mchana. Joeli naye amepika. Ila yeye amepika kwa namba sahihi, maana mtu alimpa. Na aliyempa alizipata kwangu, kwenye chai, nikiwa nacheka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu. Nikataka Nehemia aitwe. Akaja. Hakukana hata kidogo, ndivyo alivyo. "Nilimwambia awe makini na maandishi ya mwalimu wake. Mtoto wangu nimwache atumbukie shimoni ninalolijua? Na siri gani, Mwalimu? Ulisimulia mwenyewe mbele ya ofisi nzima." Mkuu akanitazama. Nikaona uso umenishuka.

Nikasema nataka warudie. Wawili tu. Kesho, mbele ya Mkuu, dirisha limezibwa, na upenyo utengenezwe na mtu mwingine, usiandikwe kitu. Hata mimi nisijue. Nehemia akakubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Niandike ukweli hapa maana hapa hakuna wa kunisikia. Sijafanya hivi kwa ajili ya Penina. Nimefanya kwa sababu Nehemia amenifanya mjinga. Lakini nikiwa njiani kurudi nikaanza kuona kwamba kesho yule mtoto anaweza kushinda kweli. Ndani ya bajaji nikajikuta natabasamu.

Nikampigia Hadija simu kumwomba atengeneze upenyo. Kisha akasema, "Nitatengeneza. Kwa ajili ya yule mtoto, si kwako."

Ijumaa, 15 Agosti

Madirisha yote tumeziba kwa blanketi za bwenini. Giza safi. Hadija akaweka upenyo, akatoka bila kunitazama. Mkuu alikaa kwenye stuli. Nehemia alisimama mlangoni. Mimi mezani kwangu. Leza ilipowaka mkanda ukajinyoosha ukutani, mwekundu, umetulia, na vimikanda vyake pande zote mbili. Sikujua upana wake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naangalia kama wao.

Joeli alianza, Penina akisubiri nje. Kijana akapima, akaandika, akahesabu, akasema amemaliza. Mkuu akamuuliza ana uhakika gani. Akasema, "Ndivyo nilivyoona, Mkuu." Hana hofu hata chembe. Hakuna aliyewahi kumsimamisha ukutani. Na alipima sawa, nimehakikisha baadaye. Hilo linaniuma kuliko wizi wake.

Akaingia Penina. Akaamkia kila mtu mmoja mmoja. Akachukua rula. Nilikuwa namwona vizuri: kidole gumba chake kilikaa juu ya mstari wa giza wa kushoto, palepale panapotakiwa, kisha akaufuata wa kulia. Safi. Joeli mwenyewe hakuishika rula hivyo. Akainama, akaandika.

Kisha akanitazama.

Nikaufanya uso wangu uwe mtupu. Nilidhani namsaidia. Akafuta. Akarudi ukutani, akapima tena palepale, akaandika, akanitazama, akafuta. Mkuu akakohoa. Penina akatazama upenyo, akakigeuza kioo chake mbele nyuma akitafuta karatasi iliyoandikwa. Haikuwepo. Akapima tena. Akafuta tena.

Akasema kwa sauti ndogo, ya heshima, haina kiburi wala kejeli, "Madam, unataka ngapi?"

Mkuu akamwambia, "Andika unachokiona, binti." Akajibu, "Ndiyo, Mkuu," na macho bado kwangu. Alikuwa anangoja mimi. Nami sikuwa na ngapi. Nilikuwa sijui. Nikasema, kwa sauti laini kadiri nilivyoweza, "Andika unachokiona, Penina."

Nikaona mabega yake yanaanguka. Nilimwambia maneno hayo hayo Jumatatu, na Jumatatu yalikuwa mtego. Sasa alijua hakika kwamba huu nao ni mtego. Aliiweka rula mezani taratibu, akaifunika karatasi kwa viganja kama anaihifadhi isipeperuke, na hakugusa tena kalamu. Nikataka kuamka nimwambie safari hii ni kweli. Hata ningeapa, angejua ni sehemu ya mtego. Muda ukaisha.

Mkuu akaichukua karatasi. Ilikuwa haina namba. Katikati ilikuwa na doa la kijivu tu, karatasi imelainika kwa kufutwa. Akaikunja. Akasema jina la Joeli litakwenda kama lilivyo.

Nehemia hakuniringia. Alimshikia Penina mlango. Nilitamani aniringie.

Nje, kwenye upepo, Penina alinisubiri. Akasema, "Samahani, Madam." Yeye ndiye aliyeniomba samahani. Nikamwambia aende akale, wasije wakamaliza chakula.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana nikachukua bajaji hadi Majengo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia mama yule kwamba mwanawe hana kosa, mwenye kosa nimesimama hapa.

Akaniona kabla sijamwona. Akainuka nyuma ya magunia, akapangusa stuli kwa khanga yake, akaniamkia shikamoo. Akawaambia majirani zake huyu ndiye mwalimu wa Penina. Wote wakaniamkia.

Akanieleza kwa furaha. Jana alimwombea mtoto ruhusa, akampeleka kwa daktari wa macho. Wamemsomesha herufi zote, hadi zile ndogo za chini. Wamesema anaona vizuri kabisa, hahitaji hata miwani. "Ulisema kweli, mwalimu. Macho ni mazima. Nimemwambia binti, mwalimu wako aliona mbali. Sasa auangalie moyo."

Nikafungua mdomo. Nikanunua uwele kilo mbili. Akaniongezea kiganja kimoja juu, bure, kwa heshima. Nikaondoka na mfuko wangu. Mimi ni mwoga. Siku zote nilidhani ni mkali.

Jumatatu, 18 Agosti

Upepo umetulia. Mtu wa matengenezo amekuja kufunga kulabu.

Kidato cha sita, kipindi cha tatu. Nilitaka kuanza upya, polepole. Nikawasha leza bila upenyo, bila nyembe, bila kitu chochote mbele yake. Doa moja jekundu ukutani. Nikauliza, mnaona nini?

Nikarudia, kwa upole. Hakuna jibu gumu, nikasema, semeni tu mnachokiona. Nikawageukia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama ukuta. Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi usoni, wanasubiri. Joeli pia. Penina yuko mstari wa mbele kama kawaida, mgongo umenyooka, mikono mezani, macho kwangu.

Nikazima leza. Nikawaambia wafungue madaftari, nikachukua chaki nikaanza kuandika, nao wakaanza kunakili.